Mbao za Shule Yetu na Rangi ya Kuzipaka

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nduguti, Wilaya ya Mkalama)



Najua wapo waliotazamia kwamba mzungumzaji wa leo angekuwa daktari au mheshimiwa mbunge, na badala yake wameletewa fundi rangi. Nawaomba mnivumilie. Katika ajenda yetu ya leo mambo mengi ni ya maneno, lakini hili langu ni la fedha, na fedha yenyewe ni yenu.

Jambo lenyewe ni hili. Kamati inapendekeza kwamba michango yetu ya mwaka huu itumike kununua rangi ya kupaka milango, madirisha na zile mbao za ukingoni mwa paa ambazo mafundi huziita "fisha bodi", katika madarasa yote 8, na kazi iwe imekwisha kabla ya mahafali ya Kidato cha Nne. Fedha iliyopatikana inatosha makopo 8 ya lita 4, yaani kopo moja kwa kila darasa. Nakubaliana kabisa na shabaha ya Kamati. Njia yake ndiyo nisiyokubaliana nayo, na ningependa mkutano usikie sababu zangu kabla ya kunyoosha mikono.

ADUI WA MBAO

Fundi yeyote anayetaka kuchagua rangi ya nje hana budi kwanza ajiulize: mbao hii inalindwa na nini? Hapa kwetu adui ni wanne.

Adui wa kwanza ni jua. Nduguti iko nyuzi 4 na kidogo kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hutupitia juu ya utosi. Katika mwanga huo imo miale ya urujuanimno, ambayo hatuioni kwa macho. Mbao ni nyuzi nyingi zilizoshikamanishwa na gundi ya asili iitwayo lignini. Miale hiyo huivunja lignini ya juu juu, mvua ikija ikaiosha, na nyuzi zikabaki zimesimama kama manyoya. Ndiyo maana mlango usiopakwa kitu hugeuka rangi ya majivu. Mkiupitisha kidole, mtaona vumbi laini la kijivu. Vumbi hilo ni mbao iliyokufa.

Adui wa pili ni maji. Mkoa wetu wa Singida hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Novemba na Aprili. Baada ya hapo ni ukame mtupu. Kwa hiyo mbao zetu hulowa na kuvimba kwa miezi michache, kisha hukauka na kusinyaa kwa miezi mingi. Mbao huvimba kwa upana wake, wala si kwa urefu. Rangi iliyo ngumu kama kioo haiwezi kufuata mwendo huo. Hupasuka. Ufa ukishatokea, maji huingia nyuma ya rangi, na yakishaingia hayana njia ya kutokea upesi. Hapo rangi huanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Adui wa tatu ni upepo wa kiangazi pamoja na vumbi lake. Upepo huparuza rangi kama msasa, na vumbi hunata juu ya rangi mbichi.

Adui wa nne ni mchwa na kuvu. Hapa niseme wazi: rangi haizuii mchwa. Mchwa hutoka ardhini, akapanda ndani ya fremu iliyozikwa kwenye udongo, akala moyo wa mbao na kuiacha rangi yenu nzuri imesimama kama ganda la yai. Dawa ya mchwa ni kuitenga mbao na udongo kwa saruji au jiwe, na kutibu mbao kabla haijafungwa. Kuvu naye huhitaji mbao yenye unyevu. Ukizuia maji, umemzuia kuvu.

Wazee wetu waliojenga tembe hawakuwa na makopo ya rangi. Nguzo na miamba ya tembe ilidumu kwa sababu ilikuwa chini ya paa la udongo, kivulini, na moshi wa jiko uliifukiza kila siku. Somo lake ni hili: kinga ya kwanza ya mbao ni paa lililotokeza vizuri ukutani. Rangi ni kinga ya pili.

MBAO NAZO HAZIFANANI

Mninga ni mbao tulivu sana. Huvimba na kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi, kwa hiyo hushika rangi bila kuipasua. Mkongo ni mgumu na hudumu, lakini uso wake ukiwa laini mno rangi huteleza, na ni lazima ukwaruzwe kwa msasa. Msindano, ambao wengi huuita paini na ambao hutujia kutoka mashamba ya miti kama Sao Hill huko Mufindi, ni mwepesi na rahisi kufanyia kazi, ila una utomvu. Vifundo vyake hutoa utomvu huo jua linapochoma, na doa la kahawia hutokeza juu ya rangi nyeupe hata ukipaka mara tatu. Vifundo hivyo vizibwe kwanza kwa shelaki.

Milango mingi katika shule za sehemu zetu ni mchanganyiko: fremu ya mbao ngumu, na mabawa ya msindano. Kwa hiyo mtu asiseme "tupake tu". Atazame anapaka nini.

RANGI ZILIZOPO DUKANI

Sikuja hapa kutangaza kiwanda chochote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nitazungumza juu ya aina, nanyi mtasoma maandishi ya kopo wenyewe.

Aina ya kwanza ni rangi ya mafuta. Huyeyushwa kwa tapentaini, hukauka kwa kuvuta hewa, na hutoa uso mgumu unaong'aa. Hushika vizuri na hustahimili mikono, mateke na madaftari. Kasoro yake ni kwamba haiachi kukauka. Mwaka hata mwaka huzidi kuwa ngumu, na mwisho hupasuka, hasa juani.

Aina ya pili ni rangi ya maji iliyotengenezwa kwa akriliki kwa ajili ya nje. Hii hubaki na unyumbufu kwa miaka mingi, huifuata mbao inapovimba na kusinyaa, na haipaukii juani upesi. Kasoro yake ni kwamba katika joto nyuso mbili zilizopakwa hugandana. Dirisha likifungwa mchana wa Oktoba laweza kukataa kufunguka. Nawaomba pia msiichanganye na rangi ya maji ya ndani ya nyumba, ile ya bei nafuu ya kupakia kuta. Ile ikipakwa mlango wa nje haivuki masika.

Aina ya tatu ni vanishi isiyo na rangi. Wapenzi wa mninga huipenda kwa sababu huonyesha mapambo ya mbao. Ndani ya nyumba ni nzuri sana. Nje, chini ya jua letu, ni fedha iliyotupwa. Vanishi hupitisha mwanga kama dirisha la kioo. Miale huifikia mbao, huua lignini chini yake, na vanishi yote hubanduka kwa vipande kabla ya mwaka wa pili kwisha. Kinachozuia miale ni chembe za rangi zenyewe.

Aina ya nne ni mafuta ya kupaka yanayopenya ndani. Mafuta ya kitani ndiyo maarufu, kwa sababu yakikutana na hewa huganda. Hapa nina neno kwa Wanasingida wenzangu, sisi wenye sifa ya alizeti nchi nzima. Nimewaona watu wakipaka milango mafuta ya alizeti. Mafuta hayo hukauka nusu tu. Hubaki yananata, yakakusanya vumbi la kijiji kizima, na mlango ukawa mweusi. Alizeti tuiache jikoni.

Hali kadhalika oili chafu ya gari. Wengi huipaka nguzo za uzio ili kumfukuza mchwa. Mbao iliyonyweshwa oili haitashika rangi tena, na oili hiyo ina sumu isiyofaa mahali pa watoto.

Ndugu zetu wa pwani wana ujuzi wa siku nyingi katika jambo hili. Mabaharia wa majahazi hupaka ubavu wa chombo kwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya chombo hupaka deheni, ambayo ni mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Jambo la kujifunza kwao ni kwamba hurudia kazi hiyo kila mara bila kuchoka. Chombo kisichotunzwa hakirudi bandarini.

RANGI GANI IENDE WAPI

Baada ya kusema hayo yote, ushauri wangu kwa majengo ya hapa ni huu.

Tabaka la kwanza kwa kila mbao liwe praima ya mafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao. Praima hupenya, hushika, na huwapa mahali pa kukanyaga wale wanaokuja baadaye. Asiyepaka praima amejenga bila msingi.

Fisha bodi, na nyuso za nje za milango na madirisha ambazo haziguswi sana, zipakwe matabaka mawili ya akriliki ya nje.

Fremu, kingo za mabawa zinazogusana wakati wa kufunga, na sehemu ya mlango inayoshikwa kwa mikono, zipakwe rangi ya mafuta ya kung'aa. Mabenchi yaliyo chini ya miti nayo yapakwe rangi ya mafuta, kwa sababu mtu akikalia akriliki mchana wa joto, suruali yake itajua.

Ikiwa fedha au duka haviruhusu akriliki nzuri, basi rangi ya mafuta ya nje juu ya praima yake ni chaguo halali. Litakaloharibu kazi ni kukosa praima na kukosa tabaka la pili.

RANGI KWA MAANA YA MADOADOA NA MAUA

Kiswahili chetu hutumia neno moja kwa kilicho ndani ya kopo na kwa wekundu au ubuluu wake. Nalo hili la pili lina uzito wake. Rangi nyeusi au ya buluu iliyoiva hunywa joto la jua. Mbao iliyo chini yake huchemka, utomvu hutoka, na mipasuko huongezeka. Rangi hafifu hurudisha mwanga na kuitunza mbao. Nyeupe nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa titani dioksidi, nayo huzuia miale vizuri sana.

Miongoni mwa rangi zilizoiva, ile isiyochujuka ni nyekundu ya udongo, ambayo asili yake ni oksidi ya chuma. Ushahidi hauko mbali. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imo katika mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150, na mingi yake ni ya wekundu huo wa chuma. Jua halikuweza kuufuta. Lakini angalieni pia kwamba walioichora walichagua miamba iliyotokeza kama paa. Walijua wanachofanya.

Huko Uswidi nako, kwa karne nyingi nyumba za mbao zimepakwa rangi nyekundu iliyotokana na mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun. Mgodi wenyewe ulifungwa mwaka 1992, lakini rangi yake bado yauzwa. Nayo ni oksidi ya chuma. Haibanduki kwa maganda. Huchakaa taratibu na kutoa unga, na mwenye nyumba huusugua unga kwa brashi na kupaka tena.

Kwa hiyo kama shule inataka rangi iliyoiva kwa sehemu za chini za milango, ambako viatu hupiga, nashauri nyekundu ya udongo au kahawia. Juu iwe nyeupe au maziwa.

KUTAYARISHA MBAO

Katika siku 10 za kazi ya rangi, fundi mwaminifu hutumia 6 akikwangua na kusugua. Mwenye mali huona fundi hafanyi kitu. Ndipo fundi hulazimika kuficha uchafu kwa rangi ili alipwe. Kazi ya namna hiyo nimeiona katika jengo moja la umma ambalo sitalitaja. Lilipakwa juu ya ukoga na vumbi wiki moja kabla ya mgeni wa heshima kufika. Mgeni alilisifu. Masika ya kwanza yalilivua nguo.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwanza, jaribu rangi ya zamani. Chora alama ya msalaba kwa wembe mpaka kwenye mbao, bandika utepe wa gundi juu yake, kisha uvute kwa nguvu. Ukitoka na rangi, rangi hiyo yote lazima iondolewe, maana hata ukipaka rangi ya dhahabu juu yake, itabanduka pamoja nayo. Ukitaka kujua kama rangi ya zamani ni ya maji au ya mafuta, ifute kwa kitambaa chenye spiriti. Ya maji italainika na kuacha alama; ya mafuta itabaki kama ilivyo.

Pili, mbao iliyogeuka kijivu isuguliwe kwa msasa mpaka mbao hai ionekane. Maabara ya Mazao ya Misitu ya Serikali ya Marekani, iliyoko Madison tangu mwaka 1910, imechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Imegundua kwamba mbao mpya ikiachwa juani kwa wiki chache tu kabla ya kupakwa, uwezo wake wa kushika rangi hupungua sana. Kwa hiyo tukinunua mlango mpya, upakwe praima kabla haujafungwa, usisubiri "tukipata nafasi".

Tatu, ziba nyufa kwa puti, lakini baada ya praima. Mbao kavu isiyo na praima hunyonya mafuta ya puti, na puti ikadondoka.

Nne, zilainishe pembe kali. Rangi mbichi hukimbia pembe kali kama maji yanavyokimbia kilele cha paa, na hapo ndipo ubandukaji huanzia.

Tano, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, paka ncha za mbao. Mbao hunywa maji kwa ncha zake mara nyingi zaidi kuliko kwa ubavu, kama mtu anavyokunywa kwa mrija. Ukingo wa chini wa mlango hauonekani, kwa hiyo hauupakwi, na hapo ndipo mlango huanzia kuoza. Mlango ung'olewe bawabani, upakwe chini na juu, ndipo urudishwe.

Kuhusu majira, mwezi huu wa Juni ni mzuri. Mvua zimekwisha na mbao zimekauka bila kuchomwa mno. Tupake asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo haujashika kasi, na tukifuate kivuli kuzunguka jengo. Rangi ikipakwa kwenye mbao yenye moto wa jua hukauka juu kabla ya kushika chini, ikafanya malengelenge. Tabaka la mafuta lipewe siku nzima kabla ya jingine, na praima isiachwe wazi zaidi ya wiki mbili. Tena fundi asiizimue rangi kwa petroli wala mafuta ya taa. Atumie kile kilichoandikwa kwenye kopo, na kwa kiasi kile kile.

TAHADHARI JUU YA RISASI

Ndugu Mwenyekiti, hapa nawaomba wazazi wote waliomo humu wanisikilize kwa makini zaidi.

Zamani watengenezaji wengi wa rangi duniani walitia madini ya risasi, ama ili rangi iwe nyeupe, ama ili iwe ya manjano inayowaka, ama ili ikauke upesi. Risasi ni sumu. Mtoto akimeza vumbi lake huathirika ubongo, na Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Hatari hii haikujulikana jana. Mkataba wa kimataifa wa kazi wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ulipitishwa mwaka 1921. Marekani ilipiga marufuku rangi za majumbani zenye risasi mwaka 1978. Siku hizi kipimo kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni ya rangi.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu. La kwanza, tununue rangi yenye alama ya TBS, shirika letu la viwango lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na tumtake mwenye duka atuonyeshe maandishi ya kopo kuhusu risasi. Tuwe waangalifu zaidi na rangi za manjano, machungwa na nyekundu inayowaka. La pili, rangi ya zamani isikwanguliwe kavu wala kuchomwa moto. Ilowanishwe kwanza, isuguliwe kwa msasa wa maji, na maganda yakusanywe juu ya turubai, yafungwe mfukoni, yasifagiliwe bustanini wala kutupwa shimo la takataka linalochomwa. La tatu, wanafunzi wasipewe kazi hiyo. Najua tumezoea kazi za mikono, nami nazithamini. Wanafunzi wapake praima, wabebe maji, wapime na kuandika hesabu. Kukwangua rangi ya zamani kufanywe na watu wazima wenye kitambaa puani, ambao watanawa kabla ya kula.

HESABU

Sasa tuingie kwenye fedha, na wadogo zetu wa Kidato cha Pili watanisahihisha.

Mlango wa sentimita 90 kwa 210, pande zote mbili na fremu yake, ni kama mita za mraba 5. Darasa lina milango 2: ni 10. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2, pande zote na fremu yake, ni kama mita za mraba 3.5. Madirisha 6 ni 21. Fisha bodi, mbele na nyuma ya darasa, uso na mgongo wake, ni kama 9. Jumla ni mita za mraba 40. Lita moja ya rangi hupaka kama mita za mraba 10 kwa tabaka moja. Kwa hiyo tabaka moja kwa darasa moja ni lita 4, yaani kopo moja. Praima na matabaka mawili ya juu ni makopo 3. Kwa madarasa 8 ni makopo 24.

Kamati ina makopo 8. Tabaka moja, bila praima, juu ya mbao zilizokwisha kuwa kijivu, kwa uzoefu wangu hudumu miaka miwili. Kwa hiyo katika miaka 8 mtapaka mara 4, na makopo yatakuwa 32. Njia ya pili ni makopo 24, kisha tabaka moja la matunzo katika mwaka wa sita au wa saba, nalo ni makopo 8. Jumla ni 32.

Mnaona ajabu hiyo? Makopo ni yale yale. Tofauti ni mbili. Katika njia ya kwanza mtamlipa fundi kukwangua shule nzima mara nne. Katika ya pili, mara moja, pamoja na kusugua kidogo wakati wa matunzo. Na katika njia ya kwanza, mbao zitakuwa zinanyeshewa na kuchomwa jua karibu nusu ya muda huo, na mwishoni mtanunua milango. Bei ya mlango si bei ya kopo. Wale wataalamu wa Madison nao wanaeleza kwamba tabaka moja juu ya praima huweza kufaa miaka 4 au 5, na mawili huweza kufika miaka 10. Jua lao si letu, lakini uwiano ni ule ule. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

PENDEKEZO

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo rasmi. Tuongeze kopo moja, yawe 9. Mwaka huu tupake madarasa 3 tu, kwa praima na matabaka mawili. Mwaka ujao 3 mengine, na mwaka wa tatu yaliyobaki 2. Tuanze na yale ambayo mbao zake zinatazama magharibi na mashariki, maana jua la asubuhi na la jioni huzipiga usoni mwaka mzima, na paa haliwezi kuzikinga. Madarasa yanayosubiri yapewe huduma ya kwanza: nyufa zizibwe, na praima itakayobaki ipakwe kwenye ncha za chini za milango.

Aidha, naomba kila darasa liandikwe ndani ya mlango wake mwezi na mwaka liliopakwa, na aina ya rangi iliyotumika. Wanafunzi wa sasa watazame kila baada ya masika na kuandika wanachokiona. Baada ya miaka michache shule hii itakuwa na ujuzi wake yenyewe juu ya rangi inayofaa Nduguti, ujuzi ambao hakuna muuza duka atakayeweza kutuuzia.

Najua ubaya wa pendekezo langu. Siku ya mahafali wageni watakuta madarasa 3 yanang'aa na 5 yamechakaa. Wapo watakaosema kwamba wanafunzi wa zamani wameishiwa. Na wapo kati yetu waliotoa fedha kwa shida, waliouza mbuzi au gunia la mtama, nao wangependa kuona mchango wao umefika kila mlango. Nawaelewa. Ila mtu aliyeuza mbuzi wake anastahili mlango utakaosimama mpaka mwanawe amalize Kidato cha Nne, na mdogo wa mwanawe pia. Hao wageni tutawaeleza kwamba tunajenga kwa awamu, na atakayeona haya awe wa kwanza kutuchangia kopo.

Mimi mwenyewe nitasimamia ukwanguaji na praima ya madarasa hayo 3 bila malipo, na Mkuu wa Shule akiridhia, nitawafundisha wanafunzi 10 watakaojitolea jinsi ya kushika brashi, kusoma kopo na kupiga hesabu ya eneo. Ufundi huu haumtupi mtu.

Sasa naliacha jambo hili mikononi mwa mkutano.